Kuchonga vifaa vya gofu kwa leza: tii, maka, tagi za begi na mipira, mwongozo kamili

Watu wengi wakitaka kuanza hii kazi swali lao la kwanza ni mashine iwe ya wati ngapi. Kwa vifaa vya gofu hilo swali linakuja la tatu. La kwanza ni hiki kitu kimetengenezwa na nini, la pili utakishikaje kisicheze, maana vitu vya gofu vyote ni vidogo na vingi ni vya mviringo, na kitu kidogo cha mviringo kikisogea nusu milimita tu jina la mteja linakaa upande. Ukishajua hayo mawili, hata mashine ya kawaida kabisa inatoa kazi safi.

Tunaongelea tii (kile kijiti cha kuwekea mpira), maka ya mpira (kisahani unachoweka kwenye griini, yaani eneo la nyasi fupi lenye shimo, ukiokota mpira wako), tagi ya begi, kiuma cha kurekebishia griini, kishikio cha kadi ya pointi, na mipira yenyewe. Fimbo nitazigusa mwishoni kidogo.

Mashine ipi inachonga nini

Leza ya dayodi ya bluu, zile zenye mwanga wa urefu wa wimbi wa nanomita 445 mpaka 455, ni nzuri kwa mbao, ngozi, akriliki (plastiki ngumu inayofanana na kioo) nyeusi na aluminiamu iliyotiwa rangi ya anodaizi, yaani rangi iliyoshikana na tabaka gumu la juu la aluminiamu yenyewe. Akriliki ya uwazi haiiwezi, mwanga unapita tu kama hamna kitu. Leza ya CO2, nanomita 10,600, inakata na kuchonga mbao, ngozi na akriliki za rangi zote pamoja na ya uwazi, lakini chuma kitupu haikigusi mpaka ukipake dawa ya kuwekea alama. Leza ya faiba, nanomita 1,064, ndo mwenyewe kwenye chuma: stenlesi, shaba, aluminiamu. Mbao kwa faiba sahau. Halafu kuna leza ya UV ya nanomita 355 ambayo ni ghali kuliko hizo nyingine ila kwenye plastiki haina mpinzani, tutaikuta tena kwenye mipira.

Kama una moja tu usilie, chagua bidhaa zinazoendana nayo. Mwenye dayodi afanye tii, tagi za mbao, ngozi na viuma vya aluminiamu ya rangi. Hiyo tu ni biashara inayojitosheleza.

Kabla hujawasha

Miwani iendane na leza yako, sio miwani yoyote yenye rangi. Ya machungwa inayozuia bluu haikusaidii kitu kwenye faiba, na mwanga wa faiba huuoni kwa macho kwahiyo hutajua umeumia mpaka baadae. Soma namba za nanomita zilizoandikwa kwenye miwani yenyewe, kama hazijaandikwa iache.

Moshi utoke nje kwa feni na bomba, sio kuzunguka chumbani. Na kuna vitu haviingii kwenye mashine kabisa: PVC na vinaili, ikiwemo ile ngozi feki ya PVC, inatoa gesi ya hidrojeni kloraidi ambayo inakula mapafu yako na inakula vyuma vya mashine pia. Muuzaji akishindwa kukwambia hiyo ngozi feki ni ya nini, usiinunue. Ngozi halisi iliyolainishwa kwa kromiamu nayo ikwepe, chukua ile iliyolainishwa kwa magome ya miti.

Na usiondoke mashine ikiwa inafanya kazi. Hata dakika ya kwenda kupokea simu. Plaiwudi na akriliki zinashika moto kweli, weka kizima moto cha CO2 karibu na mkono.

Jigi kwanza, mchoro baadae

Hapa ndo pa kukaa muda mrefu. Jigi ni kibao chenye matundu yanayobeba bidhaa zako sehemu ileile kila mara. Wengi wanaipima kwa rula, wanakata, halafu wanaanza kuhangaika kulenga upya. Kuna njia rahisi zaidi:

1. Pima bidhaa kwa kalipa (kipimo cha taya mbili kinachobana kitu), sio rula. Pima vipande vitano tofauti hata kama vyote vimetoka pakiti moja, chukua kile kikubwa zaidi.
2. Kwenye programu (LightBurn inafanya hii vizuri, au chora Inkscape halafu uingize) chora matundu, panga safu zako, na ndani ya kila tundu weka mchoro utakaochongwa. Matundu yawe leya moja (leya ni tabaka la mchoro unaloweza kuliwasha au kulizima peke yake), michoro leya nyingine.
3. Bana plaiwudi au kadibodi ngumu ya mm 3 kwenye kitanda cha mashine kwa sumaku au tepu, isicheze hata kidogo.
4. Washa leya ya matundu tu, kata. Toa vipande vilivyokatika bila kusogeza kibao.
5. Dumbukiza bidhaa kwenye matundu, zima leya ya matundu, washa ya michoro, sogeza fokasi (pale mwanga unapokusanyika kuwa nukta) iwe juu ya bidhaa, chonga.

Umeona? Hakuna kulenga. Matundu yamekatwa na mashine ileile kwenye faili lileile kwahiyo mchoro unaangukia katikati wenyewe. Ila hii ni kwa leza inayoweza kukata. Mwenye faiba peke yake akatiwe jigi sehemu nyingine halafu alenge kwa fremu ya taa nyekundu mara moja.

Kuhusu kubana: leza yenyewe inakula upana wa kama mm 0.1 mpaka 0.2 kwenye mbao ya mm 3, kwahiyo tundu linatoka kubwa kidogo kuliko ulivyochora. Maka ya mm 25 chora tundu la mm 25 kamili ujaribu moja kwanza. Ikigoma kuingia ongeza mm 0.1, ikicheza punguza. Na acha kikato kidogo cha nusu duara pembeni ya kila tundu cha kuingizia kucha, vinginevyo utakuwa unageuza jigi zima kutoa vipande na hapo umeshapoteza nafasi yako.

Tii za mbao

Anza na hizi, ni za bei ndogo kuharibu. Tafuta tii ambazo hazijapakwa rangi, za mbao nyeupe au mwanzi. Sheria za gofu zinasema tii isizidi mm 101.6, na isiwe imetengenezwa kuonyesha uelekeo wa kupigia, kwahiyo mteja akitaka mshale juu ya kichwa cha tii mwambie hapana, au mwambie hiyo ni ya pambo.

Eneo lako la kuchonga ni dogo sana. Mti wa tii una kipenyo cha milimita nne au tano hivi na ni wa mviringo, kwahiyo maandishi yawe na kimo kisichozidi mm 2.5 hadi 3, yakimbie kwa urefu wa mti, herufi nene zisizo na vimikia. Jina moja au tarehe ya mashindano inatosha. Logo ya kampuni yenye majani na nyota na kauli mbiu chini yake, hapana, itatoka doa.

Jigi la tii linakuwa na mifereji, na kila mfereji mwisho wake unapanuka kupokea kichwa. Kichwa ndicho kipana kwahiyo ndicho kinaamua umbali kati ya tii na tii. Ukitaka kubana nafasi zigeuze moja kichwa juu moja kichwa chini, ila kumbuka kugeuza na maandishi nyuzi 180 kwenye zile zilizopinduka, hii watu wanaisahau mpaka wanapata nusu ya tii zinasomeka kuelekea kichwani na nusu kuelekea nchani.

Vipimo vya kuanzia, sio vya mwisho: CO2 ya wati 60 anza na mm 300 kwa sekunde, pawa asilimia 20 hadi 25. Dayodi ya wati 10 anza mm 3,000 kwa dakika, pawa asilimia 50 hadi 60. Umbali wa mistari mm 0.1, ambayo ni sawa na nukta 254 kwa inchi, kwa mbao huhitaji zaidi ya hapo maana mbao yenyewe haina usafi wa kubeba zaidi. Rangi ikitoka kahawia hafifu punguza spidi, ikitoka nyeusi yenye masizi pembeni ongeza spidi.

Mwanzi unabadilika, kuna sehemu unaungua haraka na sehemu nyingine unagoma. Ni tabia yake, usiipigie kelele mashine.

Maka za mpira

Saizi iliyozoeleka ni mm 24 au 25, na hii saizi sio ya bahati, viuma vingi vya griini na klipu za kofia vina sumaku ya kubeba maka ya kiasi hicho. Na hapa ndo kuna mtego ambao wanaoanza hawauoni: maka lazima ishikwe na sumaku. Stenlesi ya daraja 304 ambayo ndo imejaa kila mahali haishikwi na sumaku, au inashikwa kwa unyonge sana. Ya daraja 430 inashikwa. Shaba na aluminiamu hazishikwi kabisa. Kwahiyo kabla hujaagiza visahani mia mbili chukua sumaku ujaribu kimoja, kwa kweli hii sekunde moja inaokoa oda nzima.

Ukitaka maka ya mbao au akriliki, kata kisahani cha mm 25 kwenye mbao ya mm 3, chonga shimo la duara nyuma yake kwa leza kina kama milimita moja, halafu gundisha kisahani chembamba cha chuma ndani kwa gundi ya epoksi. Kinakaa kwenye klipu vizuri tu.

Mchoro wa maka uache ukingo wa mm 2 kuzunguka, maana yake unafanya kazi ndani ya duara la mm 21. Mistari isiwe myembamba kuliko mm 0.2. Picha ya uso wa mtu inawezekana kwenye chuma kwa faiba lakini kwa ukubwa huo inatakiwa uso peke yake, mabega yote kata.

Kwenye stenlesi kwa faiba una njia mbili. Moja ni alama nyeusi isiyo na kina: spidi ndogo, masafa (idadi ya mapigo ya leza kwa sekunde) ya juu, fokasi ukiitoa kidogo, chuma kinapata joto na kubadilika rangi bila kuchimbika. Inapendeza, ila sehemu iliyopata joto inaweza kupata kutu kirahisi zaidi kuliko chuma cha pembeni yake, na maka inakaa mfukoni na jasho na majani mabichi. Mimi naona bora njia ya pili, kuchimba kina cha kama mm 0.1 hadi 0.2 kwa kupita mara kadhaa, halafu kujaza rangi ya enameli, ikikauka unafuta juu kwa kitambaa chenye spiriti kidogo rangi inabaki mashimoni. Inachukua muda ila miaka inapita bado inasomeka.

Mwenye CO2: paka dawa ya kuwekea alama kwenye stenlesi, tabaka jembamba na sawasawa, iache ikauke kabisa, chonga kwa pawa kubwa na spidi ndogo, osha kwa maji. Alama ikifutika ukisugua kwa kucha basi joto halikutosha.

Tagi ya begi

Hii ndo bidhaa ambayo mteja anaiona kila siku, na ina nafasi ya kutosha kwahiyo weka akili hapa. Ukubwa wa mm 50 kwa 90 unakaa vizuri, kona zizungushwe kwa mm 5 zisichane begi, tundu la kamba mm 6, na kati ya tundu na ukingo acha angalau mm 5 za nyama, chini ya hapo akriliki inapasuka siku begi likitupwa kwenye buti ya gari.

Akriliki zipo aina mbili. Ya kumiminwa ikichongwa inatoka nyeupe kama barafu, inaonekana. Ya kusukumwa ikichongwa inabaki ya uwazi, huoni kitu. Kwa kuchonga nunua ya kumiminwa. Na kwenye ya uwazi chonga upande wa nyuma, mchoro ukiwa umegeuzwa kama kwenye kioo: mbele inabaki laini haishiki uchafu, na ukipaka rangi kwenye mchongo kabla hujatoa karatasi ya kinga rangi inakaa kwenye herufi peke yake.

Akriliki ya tabaka mbili, juu rangi moja chini rangi nyingine, ndo rahisi kuliko zote. Unaondoa tabaka la juu tu, kwahiyo pawa iwe ndogo. Ukizidisha rangi ya chini inayeyuka na kuvimba.

Tagi za mbao: bandika tepu ya karatasi juu kabla ya kuchonga, inazuia masizi. Kwa plaiwudi ya mm 3 kwenye CO2 ya wati 60 jaribu kukata kwa mm 15 hadi 20 kwa sekunde, pawa asilimia 60 hadi 65, pampu ya hewa ikiwa wazi kabisa. Chonga kwanza kata mwisho, siku zote, kipande kikishakatika kinaweza kuinama na kila kitu kinaharibika. Na paka vanishi, begi linanyeshewa mvua.

Usiweke namba ya simu ya mteja bila kumuuliza, wengine hawataki kabisa.

Viuma vya griini na ngozi

Kiuma cha aluminiamu ya anodaizi ni kazi ya raha, leza inatoa rangi ya juu na alama inatoka nyeupe au kijivu cheupe. CO2 na dayodi zote zinaweza. Pawa ndogo, spidi ya wastani, kupita mara moja. Kupita mara mbili mara nyingi kunachafua badala ya kusafisha.

Ngozi ya kishikio cha kadi, unene wa mm 2 mpaka 3. Ifute kwa kitambaa chenye unyevu kabla ya kuchonga, pawa ya chini kabisa inayoacha alama, halafu futa masizi kwa sabuni laini. Itanuka siku mbili tatu, iweke wazi upepo uipite kabla hujaifunga kwenye boksi.

Mipira, na hapa tuongee ukweli

Kila mtu anataka mipira yenye jina, na mpira ndo kitu kigumu kuliko vyote hapa. Sababu ya kwanza ni umbo. Mpira una kipenyo kisichopungua mm 42.67, kwahiyo mchoro wa upana wa mm 12 ukingo wake uko chini ya kilele kwa mm 0.86. Upana wa mm 15 inakuwa mm 1.36. Upana wa mm 20 inafika mm 2.5, na lenzi ya kawaida ya mm 50 inaona vizuri ndani ya milimita mbili hivi tu. Ndo maana logo pana inatoka kali katikati na ukungu pembeni. Baki ndani ya mm 15, na fokasi usiiweke kwenye kilele, ishushe kama mm 0.6 au 0.7 ili hitilafu igawanyike juu na chini.

Sababu ya pili ni vile vishimo, vinavunja mistari myembamba. Tumia herufi nene.

Ya tatu ni ganda lenyewe. Mipira mingi ina ganda la Surlyn au la yurethini (zote ni aina za plastiki), na juu kuna rangi na koti la uwazi. CO2 inayeyusha na kuacha alama hafifu au ya hudhurungi, utalazimika kujazia rangi. Moshi wa yurethini una sumu, bomba la moshi liwe linavuta kweli. UV ndo inatoa alama safi nyeusi bila kuchoma. Kama huna UV na mteja anataka mipira mia ya logo ya rangi, mpeleke kwa mwenye mashine ya kuchapa kwa pedi au printa ya UV, ni uungwana na atarudi kwako kwa tagi na maka.

Na mwambie mteja mapema: sheria zinakataza kucheza na mpira ambao uwezo wake umebadilishwa kwa makusudi, mfano kwa kuukwaruza au kuupasha joto. Kuchoma ganda kwa leza kunaangukia karibu sana na hapo. Mpira uliochongwa ni wa zawadi, wa kabati, wa kumbukumbu ya siku aliyoingiza shimo kwa pigo moja. Kwa mpira wa kuchezea mashindano kalamu ya wino inatosha.

Jigi la mpira: tundu la mm 28 kwenye mbao mbili za mm 3 zilizogundishwa, mpira unakaa kama yai kwenye kikombe. Hakikisha kitanda kiko sawa, na uweke alama ya kugeuzia ili maandishi ya kiwandani yawe upande wa pili.

Fimbo: usiguse shafti (mti wa fimbo) ya grafaiti kwa leza, kamwe, vumbi lake ni baya na shafti inadhoofika. Usiguse uso unaopiga mpira. Nyuma ya kichwa au chini ya pata (fimbo ya kusukumia mpira shimoni), kwa faiba, kina kidogo, sawa, kama mwenye fimbo amekubali kwa maandishi maana ukikosea hiyo huwezi kuilipa kwa tii.

Majaribio na mafaili

Kila pakiti mpya ya malighafi chora gridi ya vibox vidogo, spidi upande mmoja pawa upande mwingine, chonga kwenye kipande cha taka, chagua kibox kizuri. Hata kama ni muuzaji yuleyule na jina lilelile, plaiwudi ya mwezi huu gundi yake inaweza kuwa sio ya mwezi uliopita.

Logo ya mteja omba kwenye vekta (mchoro wa mistari usioharibika ukikuzwa), SVG au PDF. Akikutumia picha iliyopigwa skrini, ichore upya na umtumie aikubali kabla hujachonga, na majina yaandikwe na yeye mwenyewe kwenye ujumbe ili unakili na kubandika, usiandike kwa kusikia. Logo za klabu kubwa na mashindano maarufu zina wenyewe, bila ruhusa yao usizichonge za kuuza hata kama mteja ndo kaleta.

Jigi likishafanya kazi lichonge jina na vipimo juu yake lenyewe: bidhaa gani, kipenyo, spidi, pawa, urefu wa fokasi, na jina la faili. Yatundike ukutani. Oda ya marudio ikija unachukua kibao, unakirudisha kwenye kona ileile ya kitanda, unabadilisha majina tu.